Kupishanisha saa za kazi mjini Zanzibar

Kupishanisha saa za kazi ni utaratibu wa kuwapanga wafanyakazi, wanafunzi au wateja wa mji mmoja waanze na wamalize shughuli zao kwa nyakati tofauti, ili wasiwe barabarani wote kwa wakati mmoja. Lengo lake kuu ni kupunguza foleni za asubuhi na jioni bila kujenga barabara mpya. Utaratibu huu umejaribiwa katika miji mbalimbali duniani tangu karne ya 20.

Katika kisiwa cha Unguja suala hili lina uzito wa pekee. Ofisi nyingi, soko kuu la Darajani, bandari ya Malindi na hospitali ya Mnazi Mmoja viko ndani au kando ya Mji Mkongwe, kwenye rasi yenye njia chache za kuingilia, wakati wakazi wengi wa mji sasa wanaishi mbali na hapo. Kwa kiasi fulani mji huu umekuwa ukipishanisha nyakati zake kwa muda mrefu, hasa kupitia mikondo miwili ya skuli, ingawa lengo la mikondo hiyo halikuwa kupunguza foleni.

## Jinsi foleni inavyotokea

Barabara, njia panda au mzunguko (kipilefti) hupitisha idadi fulani tu ya magari kwa dakika. Magari yanayofika yakiwa machache kuliko idadi hiyo, hakuna anayesubiri. Yakizidi hata kidogo, foleni huanza, na huendelea kurefuka kwa muda wote ambao wanaofika ni wengi kuliko wanaopita. Ndiyo maana barabara ileile huwa na foleni saa 1:15 asubuhi na kuwa tupu saa 4. Upana wake haukubadilika. Kilichobadilika ni idadi ya wanaoihitaji kwa wakati mmoja.

Mwanauchumi William Vickrey, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1996, alieleza jambo hili mwaka 1969 kwa kulinganisha barabara na shingo ya chupa. Hesabu ifuatayo ni mfano wa kufikirika, si kipimo cha barabara fulani.

* Tuseme njia panda inapitisha magari 20 kwa dakika. Kati ya saa 1:00 na saa 1:30 asubuhi yanafika magari 900, yaani 30 kwa dakika. Katika nusu saa hiyo yanapita 600, na 300 yanabaki kwenye foleni. Gari la mwisho litasubiri dakika 15.
* Baada ya saa 1:30 yanafika magari 10 tu kwa dakika. Foleni itapungua kwa magari 10 kila dakika, na itamalizika saa 2:00.
* Sasa tuseme magari 150, yaani moja ya sita ya yale 900, yamepita kabla ya saa 1:00, wakati barabara bado ina nafasi. Saa 1:30 foleni itakuwa na magari 150 badala ya 300. Gari la mwisho litasubiri dakika 7 na nusu, na foleni itakwisha saa 1:45.

Ukijumlisha muda wote wa kusubiri wa magari yote, mfano wa kwanza unapoteza saa 150 na wa pili saa 56 hivi. Kuhamisha moja ya sita ya magari kumepunguza upotevu kwa zaidi ya asilimia 60. Hapa ndipo penye msingi wa hoja ya kupishanisha saa: si lazima watu wengi wabadilishe ratiba zao, ila lazima wahamie kwenye muda ambao barabara ina nafasi. Wanaohamia dakika chache tu mbele, wakati foleni bado haijamalizika, hawasaidii kitu. Wanajiunga na mkia wa foleni ileile.

## Aina za utaratibu

Taratibu zinazotumika zaidi ni hizi:

* Saa za kupangiwa. Mwajiri au serikali hugawa ofisi au idara katika makundi. Kundi moja linaanza saa 1:00, jingine saa 1:45, jingine saa 2:30. Kila mfanyakazi ana saa yake maalumu.
* Saa za hiari. Mfanyakazi huchagua mwenyewe saa ya kufika ndani ya kipindi kilichowekwa, mradi atimize saa zote za siku. Kwa kawaida kuna kipindi cha katikati ya siku ambacho wote lazima wawepo.
* Siku chache zenye saa nyingi. Saa za wiki nzima hufanywa kwa siku nne au nne na nusu. Safari hupungua, na siku zinazobaki mfanyakazi huingia mapema au hutoka baadaye kuliko wengine.
* Kazi kutoka nyumbani. Safari yenyewe huondolewa kwa siku kadhaa. Hufaa kazi za kompyuta na makaratasi, lakini haimsaidii muuguzi, mwalimu, mchuuzi wala fundi.
* Kupishanisha mizigo. Malori na magari ya kushusha bidhaa hupangiwa kuingia mjini usiku au katikati ya asubuhi, nje ya saa za msongamano.

## Hali ya Unguja

### Umbo la mji

Mji Mkongwe umejengwa kwenye rasi upande wa magharibi wa kisiwa. Zamani hori la bahari liliutenganisha na eneo la Ng'ambo upande wa mashariki, na watu walivuka kwa daraja. Jina la Darajani linatokana na daraja hilo. Hori lilifukiwa hatua kwa hatua katika karne ya 20, na mahali pake ipo barabara iliyoitwa Creek Road, ambayo sasa ni Barabara ya Benjamin Mkapa. Soko la Darajani, lililofunguliwa mwaka 1904, liko kando ya barabara hiyo.

Ndani ya Mji Mkongwe vichochoro vingi ni vyembamba mno kwa gari. Tangu mwaka 2000 eneo hilo limo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, hivyo kubomoa nyumba ili kupanua njia si jambo linalowezekana kirahisi. Magari huuzunguka mji kwa barabara ya Mkapa upande wa mashariki na barabara ya Mizingani upande wa bahari.

Wanaotoka nje huingia kwa pande tatu kuu: kaskazini kupitia Bububu, Mtoni na Malindi; mashariki kupitia Mwanakwerekwe na Amani kuelekea Michenzani; na kusini kutoka uwanja wa ndege kupitia Kiembesamaki na Kilimani hadi Mnazi Mmoja. Atokaye Fuoni, Tunguu au Paje, wote hukutana upande wa Mwanakwerekwe.

Tatizo la kuwafikisha watu wengi kwenye rasi hii si jipya. Mwaka 1905 ilijengwa reli kutoka karibu na Ngome Kongwe hadi Bububu, umbali wa kilomita 11 hivi, nayo ilibeba abiria hadi miaka ya 1920. Baada ya hapo usafiri wote ulibaki juu ya barabara.

### Watu wamehama, kazi zimebaki

Sensa zinaonyesha kwa nini safari za asubuhi zimeongezeka. Mwaka 2012 Mkoa wa Mjini Magharibi ulikuwa na watu 593,678, na mwaka 2022 ulikuwa na watu 893,169. Ongezeko hilo halikutokea katikati ya mji. Wilaya ya Mjini, ambamo Mji Mkongwe umo, ilikuwa na watu 223,033 mwaka 2012 na 219,007 mwaka 2022, yaani ilipungua kidogo. Eneo la wilaya ya Magharibi, ambalo baadaye liligawanywa kuwa Magharibi A na Magharibi B, lilitoka watu 370,645 hadi 674,162.

Kwa maneno mengine, katika miaka kumi zaidi ya watu 300,000 waliongezeka kwenye maeneo ya nje kama Fuoni, Tomondo, Kisauni, Mwera na Bububu, wakati soko, bandari na sehemu kubwa ya ofisi zilibaki mahali pale pale. Baadhi ya taasisi zimehamishwa: Baraza la Wawakilishi liko Chukwani, na kampasi kuu ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA) iko Tunguu. Uhamisho wa namna hii huwapeleka wafanyakazi upande ulio kinyume na wengi, na hivyo hupunguza mzigo wa barabara za kuingia mjini.

Katika miaka ya 2020 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar (SMZ) ilichukua pia hatua ya kujenga barabara za juu kwenye njia panda za Mwanakwerekwe na Amani na kupanua barabara za mjini. Barabara ya juu huondoa kizuizi mahali ilipojengwa. Magari yale yale, hata hivyo, huendelea hadi kwenye kizuizi kinachofuata, na kwa wanaokwenda Mji Mkongwe kizuizi cha mwisho ni rasi yenyewe, ambayo haiwezi kupanuliwa.

### Saa za mji

Ofisi za SMZ kwa kawaida hufanya kazi kuanzia saa 1:30 asubuhi hadi saa 9:30 alasiri. Skuli za asubuhi huanza karibu na wakati huo huo. Mzazi anayempeleka mtoto skuli kwa gari au vespa kisha kuelekea ofisini yuko barabarani pamoja na daladala zinazobeba wanafunzi, wauguzi wanaobadilishana zamu na wachuuzi wanaopeleka bidhaa sokoni.

Shughuli nyingine za kisiwa tayari zina saa zake. Maduka mengi ya mjini hufunguliwa baada ya ofisi na kufungwa jioni. Boti za kwenda na kutoka Dar es Salaam huondoka kwa nyakati tofauti za mchana. Hoteli za Nungwi, Kiwengwa na Paje huendeshwa kwa zamu, na wafanyakazi wao wanaoishi mjini husafiri kuelekea shamba wakati wengine wanaingia mjini. Utalii umekua sana, na mwaka 2024 Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya 700,000. Kwa hiyo mabasi ya watalii nayo hutumia barabara hizo hizo kati ya uwanja wa ndege, Mji Mkongwe na fukwe.

### Mikondo miwili ya skuli

Mfano mkubwa zaidi wa kupishanisha saa mjini Zanzibar umo katika elimu. Kwa sababu ya uhaba wa madarasa, skuli nyingi za serikali za mjini zimekuwa zikifundisha kwa mikondo miwili: kundi moja la wanafunzi asubuhi na jingine mchana hadi jioni, katika majengo yale yale. Matokeo yake ni kwamba sehemu kubwa ya wanafunzi hawako barabarani saa 1 asubuhi.

Kielimu mikondo miwili ina hasara. Saa za masomo hupungua, walimu huchoka, na watoto wa mkondo wa jioni husoma wakati wa joto kali. SMZ imekuwa ikijenga skuli za ghorofa kwa lengo la kuuondoa utaratibu huo na kuwawezesha wanafunzi wote kusoma asubuhi. Kwa mtoto hiyo ni hatua njema. Kwa barabara, maana yake ni kwamba wanafunzi waliokuwa wakisafiri mchana wanahamia kwenye saa ile ile yenye msongamano.

Uhamisho huo unaweza kufidiwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni ukaribu: skuli mpya zikijengwa katika mitaa wanakoishi watoto, wengi watakwenda kwa miguu. Ya pili ni kutenganisha kengele: skuli ikianza nusu saa kabla au baada ya ofisi, msafara wa wanafunzi na wa wafanyakazi hautakutana. Bila mojawapo ya njia hizi, faida ya madarasa mapya inaweza kuambatana na foleni ndefu zaidi za asubuhi.

### Mwezi wa Ramadhani

Ramadhani huonyesha kila mwaka jinsi saa zinavyoathiri barabara. Katika mwezi huo pirika za mchana hupungua, na alasiri watu wengi huelekea sokoni kununua mahitaji ya futari na kurudi nyumbani kabla ya magharibi. Karibu na ikweta jua huzama kati ya saa 12 na saa 1 jioni mwaka mzima, na saa ya kufuturu haimngojei mtu. Kila familia inataka kufika kabla ya wakati mmoja uleule, kwa hiyo msongamano hujikusanya katika saa chache za mwisho, hasa kuzunguka Darajani. Baada ya futari barabara huwa tupu kwa muda, kisha watu hutoka tena kwenda kwenye sala ya tarawehe.

## Mifano ya nchi nyingine

Ujerumani. Mwaka 1967 kiwanda cha ndege huko Ottobrunn, karibu na München, kiliwaruhusu wafanyakazi kuchagua saa ya kuingia. Sababu mojawapo ilikuwa foleni kwenye lango la kiwanda. Mfano huo ulienea Ulaya, na ndio mwanzo wa saa za hiari za siku hizi.

New York. Mwaka 1970 mamlaka ya bandari ya New York na New Jersey, pamoja na chama cha wafanyabiashara wa sehemu ya kusini ya Manhattan, zilizishawishi kampuni kuacha ratiba ya saa 3 asubuhi hadi saa 11 jioni na kuisogeza kwa nusu saa. Lengo halikuwa magari bali treni na vituo vilivyokuwa vikifurika abiria. Makumi ya maelfu ya wafanyakazi walishiriki, na msongamano kwenye vituo ulipungua.

Honolulu. Mji huu wa Hawaii unafanana na Unguja kwa kuwa uko kisiwani na una barabara chache za kufika katikati. Mwaka 1988 wafanyakazi wa serikali walisogezwa kwa majaribio kutoka kuanza saa 1:45 asubuhi hadi saa 2:30. Watafiti Genevieve Giuliano na Thomas Golob walikuta kwamba muda wa safari ulipungua kidogo tu, na wafanyakazi wengi hawakuupenda mpango huo. Walioathirika walikuwa sehemu ndogo ya wasafiri wote, na walisogezwa wote kwa pamoja badala ya kutawanywa.

Singapore. Kuanzia Juni 2013 abiria waliotoka kwenye vituo 16 vya treni vya katikati ya mji kabla ya saa 1:45 asubuhi hawakulipa nauli. Takriban asilimia 7 ya abiria wa saa za msongamano walihamia mapema. Mwishoni mwa mwaka 2017 safari ya bure ilibadilishwa kuwa punguzo la nauli.

Oman na Falme za Kiarabu. Mwezi Mei 2022 serikali ya Oman, nchi yenye familia nyingi zenye asili ya Unguja na Pemba, iliruhusu watumishi wake kufanya kazi saa saba mfululizo wakati wowote kati ya saa 1:30 asubuhi na saa 10:30 jioni. Wakati wa Ramadhani imetumia saa tano zenye uchaguzi wa kuanza saa 1, saa 2, saa 3 au saa 4 asubuhi. Huko Dubai, utafiti wa serikali uliotangazwa mwaka 2024 ulikadiria kwamba saa za hiari pamoja na siku chache za kazi ya nyumbani kila mwezi zinaweza kupunguza msongamano wa kilele kwa asilimia 30.

Mombasa. Kisiwa hiki cha Kenya kilionyesha kinyume cha kupishanisha. Tarehe 27 Machi 2020 ilianza amri ya kutotoka nje kuanzia saa 1 jioni kwa sababu ya UVIKO-19. Watu waliozoea kuvuka kivuko cha Likoni kwa nyakati mbalimbali za jioni walilazimika kuvuka wote kabla ya saa moja iliyowekwa. Umati mkubwa ulikusanyika kivukoni, na polisi walitumia mabomu ya machozi. Idadi ya wasafiri haikuongezeka siku hiyo. Muda wao ndio uliobanwa.

## Masharti ya kufaulu

Uzoefu wa miji hiyo unaonyesha mambo kadhaa ambayo ni muhimu pia kwa Unguja.

Kuwatawanya watu, si kuwasogeza. Ofisi zote zikihamishwa pamoja kutoka saa 1:30 hadi saa 2:30, kilele kinahama nazo. Faida hupatikana pale ambapo makundi ya ukubwa unaolingana yanaanza kwa nyakati tatu au nne.

Skuli na ofisi kupangwa pamoja. Mzazi mwenye mtoto wa skuli ya asubuhi hufuata kengele ya skuli, hata mwajiri akimruhusu kufika baadaye. Akishaingia mjini saa 1 hawezi kurudi nyumbani kungoja saa 2:30.

Daladala za kutosha nje ya kilele. Dereva wa daladala hupeleka hesabu kwa mwenye gari kila siku, kwa hiyo hupendelea saa za abiria wengi na huweza kungoja kituoni hadi gari lijae. Mfanyakazi aliyepangiwa saa 2:30 anaweza kuokoa dakika 15 za foleni na kupoteza dakika 30 kituoni. Kwa upande mwingine, abiria wakitawanyika, gari moja huweza kufanya safari mbili zenye abiria badala ya safari moja iliyojaa kupita kiasi, jambo lenye manufaa kwa dereva na abiria.

Madirisha ya huduma kubaki wazi. Makundi yakipangwa vizuri, ofisi inaweza kuhudumia wananchi kuanzia saa 1 asubuhi hadi saa 10:30 jioni bila kumwongezea mtu yeyote saa za kazi. Yakipangwa vibaya, mwananchi aliyetoka Makunduchi atakuta mwenye kupokea fomu yupo, na mwenye kutia saini hajafika au ameshaondoka.

Mamlaka kushirikiana. Ajira na utumishi wa umma si mambo ya Muungano. Zanzibar ina Sheria ya Ajira Na. 11 ya 2005 na Sheria ya Utumishi wa Umma Na. 2 ya 2011, na skuli na barabara pia ziko chini ya SMZ. Jeshi la Polisi, pamoja na askari wa usalama barabarani, ni la Muungano, na taasisi za Muungano zilizopo Unguja zina waajiri wao. Hivyo SMZ inaweza kuanza na watumishi wake, lakini ratiba ya mji mzima huhitaji makubaliano na wengine, zikiwemo benki na kampuni binafsi.

## Hoja za kupinga na mipaka

Mwanauchumi J. Vernon Henderson alieleza mwaka 1981 kwamba watu hufanya kazi kwa ufanisi zaidi wanapokuwa kazini pamoja. Kila wanapotenganishwa, mikutano huchelewa na maamuzi husubiri. Kwa hiyo kuna kikomo ambacho baada yake hasara ofisini huzidi faida barabarani. Kutenganisha kwa nusu saa hadi saa moja na nusu kwa kawaida huacha sehemu kubwa ya siku ambayo wote wapo.

Hoja ya pili inahusu maisha ya nyumbani. Kumaliza kazi saa 9:30 kunamwezesha mtumishi kula na familia, kufuatilia watoto wanaokwenda chuoni kusoma Kurani, kulima au kuendesha biashara ndogo inayoongezea mshahara. Anayepangiwa kumaliza saa 10:30 au 11:00 hupoteza sehemu ya muda huo. Mzigo huwaangukia zaidi wanawake, ambao mara nyingi ndio wanaopika na kuwaangalia watoto. Kundi la mapema, kinyume chake, huweza kupata watu wengi wa kujitolea: tofauti ya macheo kati ya misimu haifiki saa nzima, na ifikapo saa 1:00 asubuhi jua limekwisha kuchomoza siku zote za mwaka. Njia moja ya kugawa mzigo kwa haki ni kuwauliza wafanyakazi kwanza, kisha kuzungusha zamu zisizopendwa.

Hoja ya tatu ni kwamba nafasi iliyopatikana hujazwa. Mtafiti Anthony Downs alionyesha kwamba foleni ikipungua, baadhi ya waliokuwa wakisafiri saa nyingine, kwa njia nyingine au kwa basi hurudi barabarani saa ile ile. Jambo hilo hutokea pia baada ya kupanua barabara. Kwa sababu hiyo kupishanisha saa hakuchukui nafasi ya usafiri mzuri wa umma, njia salama za waendao kwa miguu na huduma zilizo karibu na makazi. Ubora wake ni kwamba gharama yake ni ndogo, unaweza kujaribiwa kwa miezi michache, na usipofaa unaweza kuondolewa, jambo lisilowezekana kwa daraja la zege.

## Upimaji

Jaribio la kupishanisha saa hupimwa kwa kulinganisha hali kabla na baada. Vipimo rahisi ni idadi ya magari yanayopita njia panda kila robo saa, muda wa safari ya daladala kati ya vituo viwili, muda abiria anaongoja kituoni, na saa halisi ambazo wafanyakazi hufika. Katika Unguja upimaji unapaswa kuepuka kulinganisha mwezi wa Ramadhani na miezi mingine, wakati wa skuli na wakati wa likizo, au siku kavu na siku za masika, kwa kuwa kila kimoja hubadilisha safari za mji.

## Tazama pia

* Mji Mkongwe
* Mkoa wa Mjini Magharibi
* Daladala
* Darajani
* Usafiri nchini Tanzania